Taa Iliyokunywa Maji

Mtu aliyezaliwa kisiwani Mombasa, akaishi humo miaka sitini na miwili akizungukwa na maji kila upande, hana haki ya kuyastaajabia maji. Walakini nakiri kwamba nilistaajabu, asubuhi moja ya mwezi wa Mei, nilipoinama nyuma ya gari langu jipya kuokota funguo zilizoniponyoka, nikaona ndani ya taa ya kushoto, nyuma ya kile kioo chekundu, maji yametulia tuli kama yaliyomo birikani mwa msikiti, kina chake vidole viwili, na juu yake anaelea mdudu mmoja ambaye hata leo sijui aliingia kwa mlango gani.

Gari lile nililinunua kwa kiinua mgongo changu, na sikununua la mtumba lililoshuka melini Kilindini kutoka Japani, kama walivyofanya majirani zangu wote, bali jipya kabisa, ambalo viti vyake vilikuwa vingali vimevikwa nailoni. Na kilichonishawishi kulipa fedha ambazo zingetosha magari mawili ya mtumba na akiba ya mafuta juu yake hakikuwa uzuri wala nguvu zake, ila hati ya dhamana. Hati hiyo iliahidi, kwa miaka mitatu au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia, kwamba kila kasoro itokanayo na utengenezaji itaondolewa pasipo malipo. Niliiweka sandukuni pamoja na hati yangu ya ndoa, kwa kuwa zote mbili, kama nilivyokuja kutanabahi, zina masharti ambayo mtu huyasoma baadaye.

Siku niliyokwenda kushtaki, jua lilitoka kwa ghadhabu, nami nikasimamishwa foleni katika ua wa wakala tangu saa mbili hadi saa nne na nusu. Karani aliyenipokea alikuwa kijana mwenye adabu nyingi na tai nyembamba, na baada ya kunisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo nampa shukurani zake, alitabasamu.

“Mzee wangu,” alisema, “huo ni umande tu.”

“Mwanangu,” nikamjibu, “umande hauna kina.”

Akanifungulia kitabu cha gari lenyewe, akanisomea kwa sauti ya mtu aliye juu ya mimbari, kwamba ukungu mwembamba unaotanda ndani ya taa wakati wa mvua au gari lioshwapo, kisha ukatoweka, si kasoro. Ila matone makubwa, au maji yaliyotuama, hayo ndiyo kasoro. Nilifurahi, kwa sababu niliona kwamba kitabu kimenipa haki, nikamwomba tutoke nje tukayatazame yaliyotuama. Hayakuwapo. Jua la muda wa saa mbili na nusu za foleni lilikuwa limeyanywa yote, na kilichosalia katika taa ni yule mdudu, amekauka na kugandamana na plastiki, shahidi wangu pekee. Nilimwonyesha karani. Alimtazama kwa makini, akaichukua fomu, na mahali palipoandikwa “malalamiko ya mteja” akaandika: “Mdudu ndani ya taa.”

Tangu siku ile nilianza kuishi na taa yangu kama mvuvi aishivyo na bahari, nikizijua nyakati zake. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi kulikuwa na bamvua. Jua likiwaka siku mbili, maji yakawa mafu. Nikikanyaga breki, maji yalikimbilia mbele yakapiga ukuta wa taa, nikiondoka yakarudi nyuma, na barabarani Makupa, penye msongamano, waliokuwa nyuma yangu walipata tamasha la wimbi jekundu bila kutozwa kiingilio. Katika kivuko cha Likoni kijana mmoja mwenye mkokoteni wa madafu aliniita kwa taadhima, “Mzee, taa yako imekwisha vuka, wewe bado!” Watu wakacheka, nami nikacheka, maana ilikuwa kweli.

Safari ya pili sikungoja jua. Nilitoka nyumbani alfajiri, mvua ikimwagika, nikaendesha polepole kama mtu aliyebeba mtungi kichwani, nikifunga breki kwa huruma ili nisipoteze hata tone la ushahidi, na milango ilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza na maji yangu yamejaa. Karani alikosa la kusema. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akaja na tochi, akaipiga taa picha pande tatu, akasema kwamba picha hizo zitapelekwa Nairobi, na Nairobi itazipeleka ng’ambo kwa watengenezaji, na idhini ikipatikana nitaitwa. Niliitwa baada ya wiki sita. Taa ilibadilishwa kwa muda wa dakika ishirini. Nilipoiomba ile ya zamani, kwa kumbukumbu tu, niliambiwa kwamba kitu kilichobadilishwa chini ya dhamana huwa mali ya mtengenezaji. Na hivyo mdudu wangu naye akachukuliwa, na bila shaka yumo kabatini mahali fulani, ana nambari.

Ilipofika vuli, taa ya kulia ikaanza. Ilipobadilishwa hiyo, ile mpya ya kushoto ikarudia. Hapo nilijifunza mambo mawili ambayo hayakuwamo katika maneno matamu ya siku ya kununua. La kwanza, taa mpya haiji na miaka mitatu yake mipya, bali hurithi siku zilizobaki za marehemu. La pili ni jaribio la mpira: safari hiyo gari liliingizwa uani, likamwagiwa maji kwa mpira dakika kumi na mbili, nimehesabu kwa saa yangu, na halikuvuja hata chembe, ikaandikwa kwamba taa ni nzima. Jioni ile ile mvua ilininyeshea njiani, na nilipofika nyumbani taa ilikuwa na maji.

Aliyenifumbulia fumbo hilo hakuwa mtu wa tai. Ni fundi wa taa na nyaya mwenye kibanda huko Majengo, ambaye aliweka kikombe chake cha kahawa chini, akaigonga taa kwa ukucha, akasema, “Hii inavuta pumzi.” Balbu ya breki, akaeleza, ni ya wati 21, na ukiwa katika msongamano unaikanyaga kila mara, basi hewa iliyo ndani hupata moto, hutanuka, hutoka kwa tundu la kupumulia; kisha mvua ikiipiga taa, hewa hupoa na kunywea, nayo huvuta kwa nguvu kile kilicho karibu, na panapokuwa na ufa katika gundi ya ukingoni, kilicho karibu ni maji. “Wale wamemwagia maji taa baridi,” alisema. “Taa baridi haina kiu.” Sikupata kuelezwa jambo hilo kwa ufasaha kama huo pale kwa wakala, palipo na kiyoyozi.

Nakumbuka Peugeot 504 ya marehemu baba yangu, ndugu wa ile iliyoshinda mbio za Safari mwaka wa 1975, mbio zilizokuwa zikifanywa wakati wa Pasaka, yaani msimu wenyewe wa masika na matope. Maji yalipoingia katika taa yake, na yaliingia, sisemi hayakuingia, baba alifungua skrubu, akamwaga, akafuta kwa kitambaa, akageuza mpira wa ukingoni, akafunga, akaenda zake. Za siku hizi hazifunguki. Zimegandishwa kwa gundi kiwandani, na mwenye kutaka kufuta tone moja sharti anunue taa nzima.

Fundi wa Majengo alikuwa na dawa. Tundu moja dogo, upana wa sindano ya kushonea magunia, upande wa chini wa taa, nyuma, lisipoonekana. Maji yakiingia yatoke. Kazi ya dakika tano, shilingi mia mbili. Akanionyesha ng’ambo ya barabara gari la jirani yangu mmoja, la mtumba, lenye tundu hilo mwaka wa sita sasa, na taa zake kavu kama chapati ya jana. Nilikuwa nimekwisha kutia mkono mfukoni nilipoikumbuka hati. Nilirudi nyumbani, nikafungua sanduku, nikasoma ukurasa wa 17: badiliko lolote litakalofanywa na asiyeidhinishwa, kutoboa kumetajwa kwa jina lake, huondoa dhamana ya kitu hicho. Ndipo nilipofahamu hali yangu. Jirani hana dhamana, kwa hiyo hana maji. Mimi nina dhamana, na maji ninayo.

Mpwa wangu, ambaye ni wakili mwanagenzi na hupenda kuzitumia sheria kama mtoto apendavyo kuitumia kengele ya baiskeli mpya, alinitajia Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora ufaao, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Tukaandika barua ya kurasa mbili, yenye heshima, na mwishoni tukaziorodhesha tarehe zote za bamvua. Barua ilifanya kazi, sikatai: nililetewa taa mbili kwa mpigo, ya kushoto na ya kulia, pamoja na kofia yenye chapa ya kampuni. Kofia haivuji.

Taa ya kushoto ilidumu kavu miezi minne. Ile ya kulia ndiyo kwanza inaanza kutoa ukungu, nao kwa insafu ni ukungu kweli, bado haujafika kina cha kidole. Mama watoto amenishauri nisirudi tena kwa wakala, nami nimemsikiliza. Dhamana yangu inakwisha tarehe 14 Novemba. Fundi nimemwambia aje nyumbani tarehe 15, saa mbili asubuhi, na keekee yake.