Jinsi ya Kuwaachia Watoto Kesi Badala ya Nyumba

Kama una duara la dhahabu Nyarugusu, nyumba mbili Kahama mjini na ng'ombe wanaochungwa kwa mdogo wako Kishapu, na ungependa watoto wako wajuane na makarani wote wa Mahakama ya Mwanzo, njia ni fupi: kufa bila wosia. Haina gharama, wala haihitaji wakili.

Anzia machimboni. Ule mgao wa mawe mliokubaliana kwa mdomo, wewe, mwenye leseni na mfadhili, uacheni hukohuko mdomoni. Siku viroba vyako vipo karashani na wewe upo kaburini, mkeo hatakuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu. Ukirudi nyumbani, waambie wenzako kwamba kuandika wosia ni uchuro. Halafu waachie ndugu zako wa kiume kazi iliyobaki.

Shinyanga tunajua kazi hiyo huishaje. Wajane wawili wa huku walinyimwa mali za waume zao kwa kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, zinazosema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Machi 2015, Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake ikaamua kwamba Tanzania ilivunja haki zao. Miaka yote hiyo, kwa mali ambayo mke alishiriki kuichuma! Hii ni dhuluma, na mume anayeijua akanyamaza ameshiriki.

Kuizuia ni kazi ya jioni moja. Kwa anayefuata mila, wosia uandikwe kwa wino, uwe na tarehe na saini au dole gumba. Kama unajua kusoma na kuandika, tafuta mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hujui, wawe wanne, wawili kwa wawili. Wosia wa mdomo nao unataka wanne. Mkeo, au wake zako waliopo nyumbani, washuhudie pia. Hapo ndipo wengi huishiwa ujasiri, maana nyumba ya pili nayo itabidi itajwe. Itaje. Mwislamu anayefuata sheria ya dini yake akumbuke kwamba wosia wake hauvuki theluthi moja ya mali. Nakala unaweza kuihifadhi RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Watoto wakiwa wadogo, andika jina la mdhamini atakayewashikia mali mpaka wafike miaka 18.

Lipo kosa jingine linaloteketeza familia hata pale mahakama ilipofanya kazi yake. Baba mdogo anateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, anarudi na barua yake kana kwamba amekabidhiwa hati ya nyumba, na mwezi unaofuata wapangaji wanaambiwa kodi ipelekwe kwake. Msimamizi si mrithi kwa sababu ya usimamizi wake. Anakusanya mali, analipa madeni, anagawa, basi. Kanuni za Mahakama ya Mwanzo zinampa miezi 4 awasilishe orodha ya mali na madeni, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Akikaa kimya, mrithi ana haki ya kwenda kwa hakimu kuomba aitwe ajieleze, na hata kuomba uteuzi wake utenguliwe.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye duara, andika wiki hii. Taja leseni ni ya nani na mgao wako ni kiasi gani, ng'ombe ni wangapi na wako kwa nani, unadai nani na unadaiwa na nani. Mtaje mkeo kwa jina lake. Wataje watoto wako wote, na wale ambao ukoo haujawahi kuwaona.