Soketi za Mapambo

Quartzsite, Arizona
Januari 2024

Mama, Mjomba, Shangazi na nyote mlioko Chanji,

Sisi huku wazima, ila usingizi umetushinda. Usiku wa kuamkia leo king'ora kimelia humu ndani hadi mzee ninayemtunza akaketi kitandani akauliza nani katuvamia. Nikatafuta moto, hakuna. Nikanusa gesi, hakuna. Nikapiga magoti nikaifuata sauti, nikakuta kinacholia ni kidude kilichobandikwa ukutani karibu na sakafu, ambacho kazi yake duniani ni kunusa gesi ya kupikia ikivuja. Gesi haikuvuja. Kinalia kwa kuwa betri ya nyumba imechoka, na mmoja wa walioichosha ni hicho hicho kidude, kinachoifyonza mchana na usiku bila likizo. Ni mgeni aliyemaliza ugali wote, kisha akatangazia mtaa kwamba nyumba hii haina chakula.

Sasa niwaeleze vizuri, maana najua mkisema "kijana yuko Marekani" mnaona maghorofa. Mzee wangu ana kifua, na kila msimu wa baridi huikimbia theluji ya kwao akaja jangwani Arizona na nyumba yake ya kukokotwa na gari. Mimi mtunzaji nakifuata kifua kinakokwenda. Nyumba yenyewe ni trela. Trela mnalolijua nyinyi hupakia mahindi kwenda Tunduma. Hili linapakia wastaafu. Ardhi ni ya serikali kuu, na kibali cha kukaa kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili ni dola 180, karibu laki nne na nusu za kwetu. Kwa hela hiyo unapata pa kuchota maji, pa kumwaga maji ya choo, na changarawe hadi macho yachoke. Umeme haumo. Maelfu ya watu wamefunga nyumba zao zenye umeme wa uhakika, wakaja kukaa bila umeme, tena wamelipia. Ningewasimulia haya nikiwa Sumbawanga, mngenipeleka nikaombewe.

Ukiingia ndani huoni dalili ya shida. Kuna maikrowevu, kuna kiyoyozi darini, na soketi kila upande. Soketi za huku zina sura: matundu mawili ya macho na la chini la mdomo ulioachama. Zote ni mapambo. Trela lina umeme wa aina mbili usiosalimiana. Wa kwanza ni wa volti 12 kutoka kwenye betri. Huo ndio wa taa, pampu ya maji, feni ya hita na kile kidude cha kulia. Wa pili ni wa volti 120, ndio umeme wa majumbani huku, wakati wetu ni 230. Huo ndio wa soketi, maikrowevu na kiyoyozi, na hauishi humu. Huja kwa waya mnene kutoka kwenye nguzo ya kambi za kulipia, na ukifika, kuna kasha chini ya kabati linaugeuza kuwa wa volti 12 na kuichaji betri. Jangwani hakuna nguzo. Kwa hiyo soketi zimeachama tu ukutani, zinanitazama nikipita na chaja mkononi.

Njia ya kuzifufua ipo, nayo Mjomba anaijua: inveta, ya kuugeuza umeme wa betri kuwa wa soketi. Lakini inveta haina huruma na hesabu. Maikrowevu ya kula wati 1,500, ikilishwa na betri ya volti 12, inavuta zaidi ya ampia 125 kwa mkupuo. Kiyoyozi ndiyo hata jina lake hatulitaji. Basi maziwa ya mzee nayachemsha kwenye jiko la gesi, na maikrowevu imening'inia juu ya kichwa changu. Tumeweka vitunguu ndani yake.

Mjomba, mzee akinieleza mambo haya, maana enzi zake alikuwa fundi wa simu na hawezi kula bila kuchora nyaya kwenye karatasi ya kufutia mikono, mimi nilikuwa nakuona wewe. Nakuona enzi zile kule Laela umeifunga betri ya N70 nyuma ya baiskeli unaipeleka kuchajiwa kwa ajili ya Simba na Yanga. Unazima televisheni wakati wa mapumziko ili betri isikate roho kabla ya dakika ya 90, na mtoto akijisogeza na chaja ya simu unamtimua. Mtaa mzima tulikuita bahili. Huku watu wa aina yako ni washauri. Jioni wanazungukwa na majirani wenye viti vya kukunja, wanasikilizwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Betri yetu ni ya asidi, imeandikwa ampia-saa 100. Mzee anasema nusu ya pili ni ya kutazama tu, kwani ukizoea kuishusha chini ya nusu inakufa kabla ya siku zake. Zimebaki 50. Feni ya hita inakula ampia 7 hivi ikizunguka, na usiku wa baridi wa saa kumi inazunguka karibu nusu ya muda. Hizo ni 35. Pampu, taa, ubongo wa friji na yule mgeni wa ukutani wanagombania zilizobaki. Asubuhi tumefilisika. Paneli ya wati 100 imelala juu ya paa, na kwa jua hili la Januari lililoinama inarudisha ampia-saa 20 na kitu kwa siku. Pengo linazibwa na jenereta, na usiku jenereta ni marufuku. Waziri wa fedha akitaka mazoezi, aje alale humu.

Ndiyo maana mzee hasalimii tena. Akifungua jicho anauliza, "Ngapi?" Nami nasoma kipima volti. Ikiwa 12.7 tumeshiba, 12.1 ni nusu, chini ya hapo tunanyamaza wote wawili. Na kipima hicho usikiamini jua likiwa linachaji. Lazima betri ipumzike kwanza ndipo iseme kweli. Kwetu mtu huulizwa ameamkaje, za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, ndipo lije la shida. Mimi siku hizi najibu "kumi na mbili nukta tatu" na naona tumeshasalimiana.

Lakini aliyenivunja nguvu ni hita. Baridi ya usiku huku ni ile ile ya Julai hapo nyumbani, ya kuvaa koti ndani ya blanketi. Hita inatumia gesi, mtungi umejaa, moto upo. Betri ikilegea, feni inapunguza mwendo, na mashine ikihisi upepo hautoshi inakataa kuwaka, kwa usalama wetu. Basi tunalala na mtungi mzima wa gesi huku meno yanagongana kwa usalama. Wazee wetu Wafipa walijenga malungu, yale matanuru ya udongo yanayompita mtu kimo, wakayeyusha chuma bila kuvukuta: upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini na joto likapanda. Mivukuta waliiweka kwa ajili ya tanuru dogo, wakati wa kukisafisha hicho chuma. Mabaki ya malungu bado yapo Nkasi hadi leo. Mimi mjukuu wao nimelala Arizona nimevaa soksi mikononi, nasubiri feni.

Friji nayo inagandisha kwa moto. Msinibishie, nimeinama nyuma nikaona. Kuna mwali mdogo wa buluu unaochemsha amonia na maji ndani ya mabomba yaliyozibwa, na huko amonia inakozunguka ndiko baridi inakozaliwa. Mbele nyama imekuwa jiwe, nyuma kunawaka. Shangazi, wewe unayekasirika watu wa Sumbawanga wakisingiziwa uchawi, njoo uone wenye nao.

Maana hata huku sijaponea. Kuna Mtanzania mwenzetu yuko Phoenix, mtu wa Moshi. Nikimpigia kulalamika anacheka hadi anakohoa: "Mtoto wa Sumbawanga unakosaje umeme? Si nyinyi mnaotuma radi?" Nimemweleza kwamba radi, hata ingekuja imeandikwa jina langu, ingeunguza kontrola ya sola kabla sijavuna ampia moja. Haelewi. Nchi nzima inaamini tunasafiri kwa ungo. Jamani, ningekuwa na ungo ningekuwa nafanya nini hapa? Kila usiku ningekuwa jikoni kwa Mama, nala ugali wa ulezi na migebuka, halafu narudi kabla mzee hajauliza "Ngapi?"

Jirani wa kushoto ametuacha mbali. Betri zake ni za lithiamu, anazikamua karibu hadi tone la mwisho bila kuziumiza, na paa lake limejaa paneli mpaka ndege hawana pa kutua. Ila betri hizo zikipoa chini ya nyuzi 0 hazikubali kuchajiwa, kwa hiyo amezihamishia ndani, chini ya kitanda. Mkewe anasema zinabembelezwa kuliko yeye. Nimewaza kumuunga mkono mama huyo, lakini jirani ndiye anayeniruhusu kuchaji simu.

Nilipata nafasi nikaenda makaburini. Yupo mzee mmoja, Haji Ali, mtu wa himaya ya Osmania, aliyefika nchi hii mwaka 1856 pamoja na ngamia walionunuliwa na jeshi la Marekani lijaribu kama wataweza jangwa. Jeshi likawaacha ngamia, yeye akabaki, akafia hapa Quartzsite mwaka 1902. Wamemjengea piramidi ya mawe yenye ngamia wa shaba juu yake. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Mzee, wewe mnyama wako hakuhitaji kipima volti." Nilikusudia kucheka niondoke. Nikajikuta nimekaa pale naihesabu miaka yangu ya kuwa mbali, na hesabu hiyo ni mbaya kuliko ya betri, kwa kuwa haina jenereta.

Mmeniambia habari za mradi wa umeme wa TAZA, kwamba njia ya kilovolti 400 inatoka Iringa, inapita Mbeya na Tunduma, inafika Sumbawanga, na tutaacha kutegemea umeme wa kununua Zambia kupitia Mbala. Hongereni. Nyinyi mnapanda kwenda volti 400,000, mimi niliyewaaga kwamba nafuata mataa nimeteremka hadi 12. Ombi langu ni moja: siku hiyo ikifika, msimcheke Mjomba na mazoea yake ya N70. Mwekeni karibu na mita ya LUKU. Umeme ukiwa mwingi hakuna anayejua pasi inakula kiasi gani na friji kiasi gani. Yeye anajua, na yuniti zenu atazijua zinakokimbilia kabla hamjaanza kutuhumiana.

Mwisho ni habari ya simu, maana mnalalamika sipatikani. Saa zenu zinatangulia zangu kwa saa kumi. Mkipiga saa moja jioni mkimaliza kula, huku ni saa tatu asubuhi, jua ndiyo kwanza linanyanyuka, na simu yangu iko foleni nyuma ya pampu ya maji. Pigeni kati ya saa nne na saa sita usiku. Kwangu inakuwa saa sita hadi saa nane mchana, paneli inafanya kazi kwa nguvu zote na mzee ananiruhusu kuchaji. Najua Mjomba saa mbili yuko chini ya mablanketi, na Mama anaamini simu ya usiku huleta msiba tu. Tuzoeane. Mama, ikilia saa tano usiku, usianze kutafuta kanga ya kwenda kilioni. Pokea, ni mimi, naongea kwa jua la bure, na kabla hujanipa habari za ng'ombe nitajie kwanza mmepika nini.

Wenu katika volti 12 na kitu,

Mtoto wenu, mlinzi wa betri