Mbege ya Kipaimara

Wewe uliyeoa Uchagani huhitaji kuelezwa. Ninyi wengine nisikilizeni kwa huruma.

Mimi ni Mhehe. Kwetu Iringa pombe ni ulanzi: masika yakifika unakata ncha ya mwanzi mchanga, unaweka chombo, unakwenda zako shamba, ukirudi kimejaa. Ukiulaza unachachuka wenyewe. Hakuna kuni, hakuna sufuria, hakuna kugombana na mtu. Nilikua nikiamini kwamba kazi ya mwanamume kwenye pombe ni kuionja na kutikisa kichwa. Kisha nikaoa Marangu.

Safari hii ilikuwa kipaimara cha binti yetu Doreen. Mimi nilipendekeza soda. Mke wangu, Mama Kelvin, alinitazama, akaendelea kukunja nguo, nikajua kikao kimefungwa. Haikupita muda nikatumwa stendi ya Magufuli, hapa Dar, kumpokea mama yake, ambaye nyumbani kwetu, kwa sauti ya chini sana, tunamwita Waziri wa Nishati. Alishuka na mikungu ya ndizi, kiroba cha ulezi uliokwisha kuoteshwa na kusagwa, na furushi la magome ya msesewa, ule mti unaoipa mbege, pombe yao ya ndizi, uchungu wake. Alishuka pia na kuku, lakini habari za yule kuku zinahitaji makala yake.

Ndizi zilikuwa hazijaiva sawasawa, zikapewa chumba cha Kelvin. Kijana yuko kidato cha nne, ana mitihani, akahamia kwenye kochi. Nilipojaribu kumtetea niliambiwa ndizi haziwezi kulala sebuleni, wageni watazionaje.

Sufuria tuliazima kwa kina mama wa jumuiya, lile kubwa la misiba, linalobebwa na watu wawili. Nikapanga mafiga uani. Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari. Ndipo akaja Profesa Kimea.

Profesa Kimea ni mdogo wake mke wangu. Aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha bia, kwa muda ambao haukutosha kumaliza mkataba lakini ulitosha kumharibu. Hawezi kuona kitu kikichemka akanyamaza. Hata chai ya watoto anaitolea maoni.

“Shem,” akaniambia huku amekunja mikono, “moto huu ni wa kuota, siyo wa kuchemsha.”

Akaanza mhadhara. Kiwandani kimea cha shayiri hulowekwa kwenye maji ya moto kitoe sukari, kisha huchujwa kwanza. Maganda yanabaki nje, na yale maji matamu peke yake ndiyo huchemshwa, saa moja mpaka saa moja na nusu. Maganda yakichemshwa yanaleta ukakasi, kama chai iliyosahaulika jikoni. Na moto lazima uwe wa nguvu, maji yajigeuze juu chini, mfuniko usizibe, ili harufu fulani ya kabichi iliyochemshwa itoke na mvuke. Haya yote ni kweli, na ndiyo yanayoudhi. Mtu akikosea kabisa unaweza kumpinga; shemeji yangu huwa yuko sahihi, ila kuhusu kitu kingine.

Maana kwenye sufuria letu hapakuwa na maji matamu yaliyochujwa. Palikuwa na ndizi zilizomenywa. Mbege huchemshwa na nyama yake yote, saa nyingi, mpaka rangi igeuke wekundu wa kahawia, ndipo ipumzike, ichujwe, ikutane na mso, yaani uji wa kimea cha ulezi. Ndizi zikishalainika mchuzi unakuwa mzito, na kizito hakizunguki vizuri. Cha chini kinabaki chini kinapokea moto peke yake, cha juu hakina habari.

Waziri wa Nishati hajasoma haya popote. Ana kanuni zake. Kuni nyingi mwanzo, wakati ndizi bado ngumu na maji bado mepesi. Povu likipanda unaliengua kwa kata huku unapunguza moto. Baada ya hapo ni makaa tu, na mwiko hautoki mkononi mwa mkwe. “Itokote, isifoke,” akaniagiza. “Inatakiwa iongee, isipige kelele.”

Profesa akasema Dar si Marangu. Kwamba kila ukipanda mita 300 hivi maji yanachemka kwa nyuzi moja pungufu, kwa hiyo huku pwani, karibu na nyuzi 100, ndizi zinaiva upesi kuliko mlimani. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. “Kumbe hata ndizi zikifika Dar zinapata haraka,” akasema, akaingia ndani kusali rozari, akiacha amri moja: kuni zisiongezwe.

Alipofika fumbo la pili, Profesa aliongeza kuni.

Nilimkumbusha, kwa upole unaostahili shemeji, kwamba maji yakishachemka hayapandi joto hata ukichoma msitu mzima. Yanaisha tu upesi. Akasema mimi ni mtu wa ulanzi. Sufuria likanyamaza ghafla, juu kukawa na utando mzito uliotulia. Mvuke ulikuwa unajikusanya chini ya ule uji, haupati pa kupita. Kisha ukapata. Pwaa! Bonge la ndizi likaruka likatua kwenye ukuta wa baba mwenye nyumba, uliopakwa rangi nyeupe wiki ileile. La pili likampata Profesa kwenye mkono, akapiga ukunga uliomtoa mama ndani. Povu likafuata, likafurika pande zote, likamwagikia mafiga na kuuzima moto uliolipandisha. Kelvin alikuwa anarekodi. Sufuria halijapoa, mjomba wa Arusha alikwisha kupiga simu kutoa pole.

“Nani ameongeza kuni?”

Kwa desturi ya nyumba yetu, wote wakanitazama mimi. Nikanyamaza. Kumtaja mtoto wa mama mkwe mbele ya mama mkwe ni kazi ya watu wenye mahali pengine pa kulala.

Waziri akainama, akanusa, akaonja ncha ya mwiko. Imeshika chini. Akapiga marufuku mtu yeyote kukwangua, kwa sababu ukikwangua harufu ya kuungua inaingia kote, na hakuna msesewa wa kuifunika. Tukateka ya juu taratibu, tukaigawa kwenye sufuria ndogo za nyumbani, iliyoungua tukaiacha palepale. Usiku ule kila jiko la mkaa mtaani Kimara lilikuwa uani kwetu, na mkoroga alikuwa yuleyule.

Mbege ilitoka nzuri, siwezi kusema uongo. Wageni walirudia. Profesa, bandeji mkononi, aliwaeleza jinsi alivyousimamia mchemko. Mama mkwe ameamua kukaa mpaka Pasaka, na Kelvin bado yuko kwenye kochi.

Ila lile sufuria la jumuiya lina ukoko mweusi wa kimo cha kidole. Tumeloweka, tumesugua kwa mchanga na majivu, wapi. Mwenye dawa ya kuutoa bila kutoboa aluminiamu anipigie, tena kabla ya Jumapili, maana kuna msiba na kina mama wanalitaka.