Namna ya Kumhesabia Dani Miaka

Umetumwa Asembo, magharibi mwa Kenya, kutafuta wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer. Una tableti, fulana yenye nembo, na swali la kwanza: "Dani, una miaka mingapi?" Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, atamtazama mjukuu wake, naye mjukuu atakuambia, "Wewe andika themanini." Usiandike! Kwa sababu ya themanini za namna hiyo, umri wa wazee wetu kwenye majedwali hupenda mno kuishia na sifuri au tano. Watakwimu wana kipimo cha Whipple cha kuinasa tabia hii: 100 ni umri usiorundikana, 500 ni kila mtu kuangukia sifuri au tano.

Vuta kiti. Muulize kama alikuwa ameshaolewa mvua za uhuru zilipofurisha Ziwa Victoria, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Muulize alikuwa na watoto wangapi Mzee Kenyatta alipokuja Kisumu kufungua hospitali ambayo watu wanaiita Russia hadi leo. Hiyo ni Oktoba 1969, siku ambayo watu walipigwa risasi, na mara nyingi hata aliyesahau alichokula asubuhi anaikumbuka. Kisha omba kitambulisho cha mtoto aliyekuwa mgongoni siku hiyo.

Usumbufu wote huu una sababu. Baada ya miaka 65, hatari ya kupata Alzheimer huongezeka karibu maradufu kila miaka mitano. Ukimzidishia dani miaka kumi, umemweka kwenye kundi lenye hatari kama mara nne, na kusahau kwake kutaitwa uzee tu.

Sasa maswali ya kumbukumbu. Mtu aliyenyimwa shule usimkabidhi kalamu achore maumbo, halafu umwandike mgonjwa. Kule Hai, Tanzania, watafiti walitumia njiti za kiberiti, ambazo kila mpishi anazishika. Na ukimwomba dani wa Dunga, ufukwe wa wavuvi, ataje wanyama, akaanza na mbuta, ngege na omena, usimpigie makofi wala usimkatize. Mpe maelekezo yale yale uliyompa dani wa Gem asiyeishi ziwani. Utafiti uliolinganisha wazee wa Ibadan, Nigeria, na wa Indianapolis, Marekani, ulitumia kipimo kimoja pande zote mbili, tena ukamhoji na ndugu wa mzee. Ndiyo maana tunaweza kuyaamini matokeo yake ya 2001: wagonjwa wapya wa Alzheimer kwa mwaka walikuwa asilimia 1.15 Ibadan na 2.52 Indianapolis.

Kisanduku cha "hayupo" ndicho kinachoniuma zaidi. Hayupo kwa nini? Amefariki? Amepelekwa Nairobi kwa binti yake kwa kuwa alianza kupotea njia ya sokoni? Au yuko nyumba ya nyuma, jamaa wakiogopa majirani watasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko? Hawa ndio uliotumwa kuwatafuta, na ukiacha patupu hakuna hesabu itakayowarudisha. Andika sababu. Asembo na Gem una bahati: kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 taasisi za afya KEMRI na CDC ziliandikisha vizazi, vifo na kuhama, boma kwa boma. Linganisha na rekodi hizo.

Mtakwimu mwite kabla ya safari ya kwanza, akusaidie kupanga maswali, na umtumie data kila jioni. Akikupigia simu kuuliza imekuwaje dani wa miaka 80 akawa na kifungua mimba wa miaka 74, usibishane naye. Asubuhi panda boda, rudi kwa dani, uanze tena na mvua za uhuru.