Kalamu Imefungwa Kamba

Pale sokoni Mwaloni, Kirumba, mchuuzi wa dagaa hakutajii bei aliyonunulia hata umbembeleze mpaka jioni. Siri ya biashara, bwana! Ila programu ya mkopo wa haraka ikiomba kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu, anabonyeza "Kubali" chai haijapoa. Akichelewesha rejesho, ujumbe wa kumdai unamfikia mama mkwe kule Sengerema, kisha mchungaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ya mwaka 2022, ilianza kazi Mei 2023, na Tume yake ipo. Hongera zetu. Sasa nenda kwenye geti lolote mjini: daftari la wageni liko wazi, majina na namba za simu kwa kila apitaye. Kalamu ndiyo imefungwa kamba, isije ikaibiwa.