Rimoti ya Pili

Side Boda alifika kijiweni kwetu Manzese akiisukuma pikipiki, macho mekundu, kofia ngumu kaitundika kwenye usukani. Hakusalimia. Hapa kijiweni mtu asiyesalimia ama kafiwa ama anadaiwa, kwa hiyo Mzee Mstaafu akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Nani katutoka, mwanangu?"

"Shikamoo, Mzee. Hajafa mtu, ila leo usiku atakufa. Mama mwenye nyumba kaapa. King'ora cha hii pikipiki kimelia mpaka alfajiri. Nikikizima kinanyamaza, nikijilaza tu kinaanza. Majirani wamenitoa nje na taulo."

"Mwizi?"

"Mwizi wa wapi! Kulikuwa na kigodoro mtaa wa pili. Spika ikipiga besi, pikipiki inaitikia. Kigodoro kilipoisha, yakaanza malori ya Barabara ya Morogoro. Lori likipita, wiu wiu wiu."

"Basi mwenzetu anapenda muziki," akasema Ami muuza kahawa, akiosha vikombe.

Profesa akakohoa. Huyu hajawahi kufundisha popote. Jina kapewa na kijiwe kwa sababu kwake hakuna swali lisilo na jibu. Ana pikipiki yake mwenyewe, nyekundu, ambayo haina mkataba na mtu, na hilo hutukumbusha kila akipata upenyo.

"Hiyo imeingiliwa na setilaiti," akasema. "Mimi yangu, kwa kuwa ni yangu, siwezi kufunga vitu vya Kichina bila kuvichunguza."

"Si mimi niliyefunga, ni bosi," akasema Side. "Zilikuja rimoti mbili. Moja ninayo mimi, nyingine kabaki nayo yeye. Ndiyo inayonimaliza. Hesabu ikichelewa, anakuja zake hapa, anabonyeza, pikipiki inagoma. Na sasa naona kapata mbinu nyingine, anabonyeza akiwa kwake Mbezi. Juzi nimebeba mama mmoja anakwenda hospitali, kufika Ubungo mataa, injini kimya. Mama wa watu kashuka, kapanda bajaji, hela yangu kaondoka nayo."

"Kumbe ni mume wa kukagua simu huyo," akasema Mama Ntilie bila kuinua macho kwenye vitumbua.

Tukatuma mtoto amwite Fundi Koili. Lakini Profesa hana subira na mafundi. Alikuwa tayari kashainua siti, kakiona kisanduku cheusi kimechomekwa pembeni ya betri, kinaning'inia na waya zake nyekundu, nyeusi, za chungwa na nyeupe.

"Mnaona? Ugonjwa huu hapa. Ni kuchomoa tu." Akashika soketi, akavuta. Tukasubiri kelele, hakuna. Kijiwe kikapiga makofi, na nakiri kwamba hata mimi nilipiga.

Side akawasha funguo, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Akapiga mpaka kandambili ikachomoka ikaangukia karibu na karai la vitumbua. Injini haikutoa hata kikohozi.

"Sasa haina moto kabisa," akasema, sauti ikimkauka.

"Imepumzika," akasema Profesa. "Ipe dakika."

Fundi Koili akafika na mfuko wake wa vyombo. Akamsalimia Mzee, akachuchumaa, akatazama soketi iliyochomolewa. Kisha akamtazama Profesa kama mtu anayemfahamu vizuri.

"Nani katoa hiki?"

Hakuna aliyesema neno, ila vichwa vyote vikaelekea upande mmoja.

"Sikilizeni. Zipo pikipiki ambazo sidiai yake, yaani kifaa cha moto wa plagi, inakula umeme wa koili ya magineti. Kwenye hizo, king'ora huzima injini kwa kuunganisha waya wa kuzimia na bodi. Ukikichomoa, injini inapona yenyewe. Na zipo ambazo sidiai inakula umeme wa betri, kama hii. Hapa aliyefunga aliukata waya unaotoka kwenye swichi ya funguo, ncha moja akaiingiza kwenye kisanduku, nyingine akaitoa. Ndani mna rilei. Ukifunga kwa rimoti, inaachia, ukifungua, inaunganisha. Sasa mheshimiwa kachomoa kisanduku. Umeme unatoka kwenye funguo, unafika hapa, unasimama."

"Nilitaka kuthibitisha hilo," akasema Profesa.

Fundi akairudisha soketi. Akamwomba Side rimoti, akaibonyeza. Kitaa chake kikawaka, hafifu. Pikipiki haikujibu. Akaisogeza mpaka ikagusa siti, ndipo indiketa zikawaka.

"Siku hizi ndivyo inavyofunguka?"

"Ni lazima niilalie, fundi. Abiria wananicheka."

Akaifungua rimoti kwa bisibisi ndogo. Betri yake ni kale kadogo kembamba ka volti 12, namba 27A. Mtoto akatumwa dukani kwa Mangi, akarudi na 23A. Volti ni zilezile 12, lakini ni nene, haiingii. Akarudishwa. Mangi akasema aliyebadilisha betri moja hatabadilisha tena, na aambiwe fundi kuwa duka si maktaba. Mpaka 27A inapatikana, Ami alikuwa kauza kahawa ya raundi nyingine, na Fundi kashasugua raba ya vitufe kwa spiriti, maana jasho na mvua huweka utando pale chini na kitufe kinakuwa kigumu kusikia.

Betri mpya ikaingia, kitaa kikawaka vizuri. Pikipiki bado ilitaka kuguswa.

"Kwa hiyo rimoti ni nzima, kisanduku ndicho kiziwi," akasema Fundi, akipitisha kidole kwenye waya. Akasimama. "Hapa palikuwa na uzi mweusi unaning'inia peke yake, haujaungwa popote. Uko wapi?"

Side akakuna kichwa. "Kuna fundi mmoja wa njiani aliukata. Alisema hauna kazi, unazagaa tu."

"Ndiyo antena hiyo! Hizi rimoti zinatumia redio ya megahezi 433. Antena yake inataka sentimita 17 hivi za uzi, nayo iachwe huru, isizungushwe kwenye chuma. Yako imebaki ncha ya kucha. Tena mmeifukia chini ya siti, katikati ya tangi na fremu. Itasikia nini?"

Mzee akauliza swali ambalo wote tulikuwa nalo. "Sasa kama haisikii hatua mbili, bosi anaizimaje kutoka Mbezi?"

"Haizimi. Hata antena ikiwa nzima, rimoti kama hii inafika mita kadhaa tu, mtaa wa pili haifiki. Side, ukiendesha rimoti unaiweka wapi?"

"Mfuko wa nyuma."

"Basi. Visanduku vingi vya namna hii vina kitu cha kuzuia watekaji. Ukibonyeza kufunga wakati injini inawaka, kinapiga indiketa, kinahesabu, kisha kinakata moto. Pale ulipokaa kuna kama kibao tu kutoka kwenye siti hadi kisanduku, kwa hiyo umbali upo wa kutosha. Ukifunga breki ghafla, ukajisogeza nyuma, unabonyeza. Bosi wako hana kosa. Anayekuzimia pikipiki ni makalio yako."

Mama Ntilie alicheka mpaka akaunguza vitumbua vitatu, akawagawia bure waliokuwa karibu. Sikuwa karibu.

Kilio cha usiku hakikumchukua Fundi muda. Ndani ya kisanduku mna sensa ya mtikisiko, na iliwekwa kwenye ukali wa juu kabisa. Isitoshe, kisanduku hakikufungwa na kitu, kimechomekwa tu, kwa hiyo gari likitikisa ardhi nacho kinagonga chuma na kujishtua chenyewe. Kisha akachomoa waya wa hasi wa betri, akapima kwa mita umeme unaovutwa pikipiki ikiwa imezimwa. Miliampia 20.

"Kidogo sana hiyo," akasema Profesa.

"Kwa saa 24 ni karibu nusu ampia-saa. Betri hii ni ya ampia-saa 5. Ukiumwa malaria ukailaza siku kumi, unaikuta imekauka. Na betri ikilegea, king'ora nacho kinachanganyikiwa, kinalia bila kuguswa." Akafuta mikono. "Haya. Kutengeneza inawezekana: naunga antena, napunguza ukali wa sensa, nafunga kisanduku kisitikisike, wewe unahamisha rimoti mfuko wa shati. Au natoa chote. Semeni."

Hapo ndipo kijiwe kilipogawanyika. Ami alitaka kitengenezwe, maana pikipiki zinaibwa. Mama Ntilie alitaka kitolewe, maana yeye hulala saa tatu na kuamka saa tisa za usiku kukanda unga. Profesa alikuwa pande zote mbili.

Mzee akaomba nafasi.

"Side, jana kililia, majirani wakatoka?"

"Wakatoka wote."

"Nani alitoka na rungu la kumpiga mwizi?"

"Hakuna, Mzee. Walitoka kunitukana."

"Sasa mwizi halisi akija kesho, kikalia, unadhani watafanya nini? Watamsaidia kuisukuma mpaka lami, na hela ya mafuta watamchangia. Kitu kikishalia mara nyingi bila sababu, mwizi ndiye anayefaidika nacho, kwa sababu ndiye pekee anayejua kwamba safari hii ni kweli. Nunua mnyororo mnene, upitishe kwenye rimu na fremu, funga kwenye nondo ya dirisha. Pikipiki ilale koridoni."

Nilitaka kumpinga, maana sensa iliyopunguzwa ukali na kufungwa vizuri inaweza kukaa miezi bila kupiga kelele za bure. Lakini mtaani kwa Side heshima ya kile king'ora ilikuwa imekwisha. Hata kikitengenezwa, nani atakuja kuwatangazia majirani kwamba kuanzia leo kinasema kweli?

"Toa," akasema Side.

"Bosi anajua?" akauliza Mzee.

"Nimempigia, hapatikani. Bosi anataka hesabu, Mzee, hataki kelele."

Fundi alikuwa ameuacha waya wa hasi umechomolewa kwa makusudi, ili ncha yoyote ya chanya ikigusa fremu isichome fyuzi. Akatoa waya mwekundu wa king'ora kwenye betri. Akafuata zile mbili za indiketa, ambazo zilikuwa zimedandizwa tu juu ya waya za kiwandani; akazitoa, akazungushia tepu. Mwisho ule uliokatwa. Akatafuta ncha zake mbili, akazimenya, akazisokota, akazipiga solda, akaziviringishia tepu nyeusi. Hapa hakuna kufunga kwa kuzungusha tu, alisema, kwa sababu barabara zetu zitaulegeza na utazimikiwa tena Ubungo, na safari hiyo hutakuwa na makalio ya kuyalaumu.

Waya wa hasi ukarudi kwenye betri. Kiki moja, injini ikawaka. Side akapata abiria wa Sinza palepale, akaondoka bila kumaliza kahawa.

Kikabaki kisanduku, honi yake na rimoti, juu ya benchi. Profesa alikizunguka kama mara tatu.

"Side alikuwa anakitaka kiasi gani?"

"Kaniambia nikimpatia elfu kumi na tano hana neno," akasema Fundi.

"Lete kwangu. Shida ilikuwa mtumiaji, kifaa chenyewe ni kizuri."

Fundi akakifunga kwenye pikipiki nyekundu mchana uleule, na kazi yake, mnyonge mnyongeni, ilikuwa safi. Aliunga antena mpya ya sentimita 17, akaipitisha mbali na fremu. Akabana kisanduku kisitikisike. Sensa akaiweka ukali wa chini. Rimoti ikawa inasikia kutoka ng'ambo ya barabara.

"Imebaki kitu kimoja," akasema. "Kisanduku hiki kinazikumbuka rimoti zake zote mbili. Inabidi nizifute, kisha nikifundishe hii moja peke yake. Elfu tano."

"Unifundishie nini wakati inafanya kazi?" Profesa akabonyeza. Pii. Akabonyeza tena. Pii pii. "Hapo unataka kunipiga tu. Mimi hii pikipiki ni yangu, haina mkataba na mtu, sitozwi vitu vya ajabu."

Fundi akamtazama Mzee. Mzee akatazama kahawa. Fundi akakunja vyombo vyake, lakini hakuondoka. Aliagiza chai na chapati, akakaa pale akitazama barabarani.

Baada ya alasiri bajaji ikasimama ng'ambo. Akashuka bosi wa Side, shati limechomekewa, simu iliyokuwa haipatikani iko sikioni. Akatazama kijiwe, hakumwona Side. Akatia mkono mfukoni, akatoa rimoti, akabonyeza kama ilivyo kawaida yake.

Pii. Indiketa za pikipiki nyekundu zikawaka.

Bosi akasimama. Akabonyeza tena. Pii pii. Akavuka barabara polepole, akaizunguka ile pikipiki, akapitisha kidole juu ya tangi.

"Hii mmeipaka rangi lini?"

"Samahani, kaka," akasema Profesa, "hii ni mali yangu."

"Yako?" Akabonyeza. Pii. "Mbona inaniitikia mimi?"

"Ni... kuna setilaiti..."

Bosi akaketi juu ya siti, akakunja mguu, akanyoosha kiganja. "Hayo mengine mtanieleza baadaye. Wewe ndiye deiwaka wa Side leo, sivyo? Naomba elfu kumi yangu ya hesabu."

Profesa akageuka kumtafuta Fundi. Fundi alikuwa anachovya kipande cha mwisho cha chapati.

"Kufuta bado nafanya," akasema. "Ila mchana ilikuwa elfu tano. Sasa hivi ni ishirini."