Mwongozo kwa Baba Mwenye Binti Shule ya Masista

Anza na kalenda, kabla hujagusa orodha ya sare. Shule hufunguliwa Januari, na Januari mkulima wa Bariadi ana pamba changa shambani na mfuko mtupu. Hela ya pamba huja msimu wa kuuza, kuanzia Mei au Juni mpaka kama Agosti, na ikifika Krismasi imeshakuwa mabati, pikipiki na sherehe za ndugu. Kwa hiyo ada ya Januari inalipwa Juni, siku mzigo wako unapopanda mzani wa AMCOS. Ukishahesabiwa pesa, usipite kwanza dukani kuangalia redio. Nenda benki, au nenda moja kwa moja kwa sista mhasibu. Hajawahi kuzaliwa mhasibu anayekataa ada iliyowahi.

Kisha tranka. Fomu ya kujiunga itataja godoro, ndoo, chandarua, shuka, sweta, viatu vyeusi vya kamba, kaunta buku, jembe na fagio. Haitataja matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa. Bibi yake atayaweka tu, na karanga za kukaanga atazishindilia ndani ya soksi. Nakwambia mapema ili usiaibike mbele ya wazazi wenzako: matroni wa huku ni Msukuma kama wewe. Atatandika kanga chini, atatoa vitu kimoja kimoja huku akiweka alama kwa biro, na akifika kwenye soksi ataipima kwa mkono na kuuliza kwa upole huu ni mguu wa nani. Kama shule inakataza vyakula bwenini, ina sababu: panya, siafu, na binti mwingine kitanda cha juu ambaye kwao hakuna wa kumletea chochote. Subiri siku ya kutembelea wanafunzi, uliza kinachoruhusiwa, ulete cha kuwatosha wote wa chumba chake.

Kama wewe si Mkatoliki, jambo hili halihitaji kikao cha ukoo. Kanisa lina mizizi ya siku nyingi hapa. Kabla ya 1956 jimbo lenyewe liliitwa la Maswa, ndipo likawa la Shinyanga, na mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walifanya kazi nyingi katika vijiji hivi. Binti wa AIC, wa Kiislamu au wa kwa mababu atakutana na Misa, Malaika wa Bwana saa sita mchana na rozari mwezi wa kumi. Uliza siku ya usajili utaratibu ukoje kwa asiye Mkatoliki, ujibiwe, muelewane. Na wasiwasi kwamba atarudi akiwa sista uuweke chini. Utawa una miaka ya malezi, maombi na kuulizwa tena na tena kama kweli umeamua. Haumpati mtu kwa bahati mbaya akiwa kwenye kipindi cha Jiografia.

Sasa tufike kwenye kile unacholipia, kwa sababu wazazi wengi wanadhani wanalipia majengo na Kiingereza. Tazama siku ya binti wa miaka kumi na minne anayesoma kutwa na kulala nyumbani. Anaamka kuchota maji, anafagia uwanja, anatembea hadi shule, anarudi, anatafuta kuni, anapika, anamwogesha mdogo wake, anaosha vyombo, na akifungua daftari kope zinagongana. Kaka yake wa miaka kumi na sita wakati huo amekaa chini ya mti anasubiri ugali. Bwenini kengele inalia kabla jogoo hajamaliza, kuna usafi, kuna sala, kuna uji, kuna makande yenye maharage ya kuhesabika. Lakini jioni kuna prepo: saa mbili au zaidi mezani, chini ya taa, hakuna anayemwita. Ada yako imenunua saa hizo. Mkoa wenyewe ulishalielewa jambo hili. Wakati wa mkuu wa mkoa Anthony Mtaka, Simiyu iliwaweka wanafunzi wa madarasa ya mitihani kwenye kambi za kitaaluma, wakae pamoja, wasome pamoja, walimu wakiwa jirani.

Ndiyo maana likizo ya Juni ni mtihani wako wewe. Inaangukia katikati ya uvunaji wa pamba, na macho yako yatamwona binti akishuka kwenye basi kama mikono miwili iliyoongezeka shambani. Avune, ndiyo, ni mtoto wa nyumba hii. Ila weka mpaka: kuanzia jua likizama, taa ni yake na meza ni yake. Dumu la maji libebwe na kaka zake. Watalalamika siku mbili tatu, kisha watagundua kwamba kichwa cha mvulana nacho kinabeba lita ishirini bila kuvunjika.

Ripoti ya kwanza itakushtua. Darasa la saba alikuwa wa kwanza, mmechinja na mbuzi. Muhula wa kwanza kidato cha kwanza amekuwa wa thelathini na kitu. Tafadhali usitafute mchawi, na usimpigie simu mkuu wa shule kuuliza nani anamwonea mwanao. Amekutana na wasichana ambao nao walikuwa wa kwanza kwao. Zaidi ya hapo, nyumbani anaongea Kisukuma, shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, na sasa moyo, mapafu na mbegu anavyovijua vizuri anatakiwa avieleze kwa Kiingereza. Mpe mwaka mzima. Akijaribu Kiingereza chake mbele ya wageni, mzuie yeyote atakayesema anajifanya mzungu, hata kama ni kaka yako mkubwa.

Acha pia kuuliza amekuwa wa ngapi. Baraza la Mitihani lenyewe, yaani Necta, liliachana na kutangaza shule bora na watahiniwa bora lilipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, na wewe unaweza kuachana nayo sebuleni kwako. Uliza alama. A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo ni F. Somo lililotoka 38 kwenda 47 limefanya kazi kubwa, lipongeze kwa jina. Halafu jifunze hesabu ya pointi, maana inawachanganya wafugaji: kwa ng'ombe, thelathini na tatu ni zizi la heshima kuliko saba. Kwa Necta, masomo saba aliyofanya vizuri zaidi yakijumlishwa yakatoa pointi 7, hakuna juu yake. Divisheni ya kwanza inaishia 17. Pointi 33 ni ukingo wa mwisho wa divisheni ya nne, kwa hiyo usiwahi kupiga vigelegele kabla ya kuuliza.

Siku ya kutembelea, fika. Wengine watakuja na gari, wewe fika hata na bodaboda ya kutoka stendi, nguo safi, dakika za kutosha. Akikusalimia "mwangaluka, baba" mbele ya wenzake, itikia kwa sauti. Mwambie mvua imenyesha, ng'ombe yule mwekundu amezaa, bibi anamsalimia. Deni la SACCOS msimuliane na mama yake, kwa sababu binti hawezi kulilipa akiwa prepo. Wala usije na "mjomba" ambaye binti hajawahi kumwona. Masista wanawajua wajomba wa namna hiyo tangu wanavyofungua mlango wa gari.

Na hapa niseme taratibu. Kipindi kigumu kuliko vyote kinaanza akishamaliza. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba, majibu hutoka mwaka unaofuata, na kidato cha tano kwa kawaida hufunguliwa Julai. Hiyo ni miezi mingi ya binti mkubwa kukaa nyumbani, asiye na sare wala kengele, na washenga wanajua kuhesabu miezi kama wewe. Watakuja jioni, watasifu zizi lako, watataja idadi ya ng'ombe kama wanaota ndoto kwa sauti. Jibu lako ni moja: "Anasubiri majibu." Majibu yakitoka: "Anasubiri shule." Huna haja ya kugombana na mtu. Wakikazana, waambie sheria ya elimu iliyorekebishwa 2016 inampa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Waambie pia kwamba mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika kesi ya Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Kisha wape maziwa mgando, wanywe, waondoke.

Miezi hiyo mtafutie kazi ya kichwa: kompyuta, ushonaji, kuwafundisha Hisabati watoto wa jirani, hata kukutunzia daftari la mauzo ya pamba. Mahesabu yako yatanyooka.

Akichaguliwa kidato cha tano shule ya serikali, anaweza kupangiwa Maswa Girls hapo jirani, au akapangiwa Songea. Ada ya kidato cha tano na sita shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, hivyo hela uliyozoea kuitenga siku ya mzani sasa iwe nauli na matumizi yake. Usilitamke neno "mbali" mbele yake. Kuhusu kombi, wewe unataka PCB kwa sababu umeota daktari, yeye anapenda Historia na ana alama zake. Toa maoni yako mara moja, msikilize, kisha muache achague yeye.